Likizo yako ya kwanza ya skii huko Åre, Uswidi: hatua kwa hatua

Kila ifikapo Novemba maswali kuhusu skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji ukiwa na vibao viwili virefu miguuni, huanza kuingia kwenye simu yangu, na karibu yote yanafanana. Dada mmoja yuko Göteborg, mji wa Uswidi. Mwanawe alipelekwa mlimani na shule siku moja tu, na tangu hapo hakuna habari nyingine nyumbani. Kaka mwingine yuko Dar es Salaam, amealikwa na shemeji zake, hajui anunue koti la aina gani. Twende wiki gani? Nguo zinakodishwa? Mtu wa miaka 40 anaweza kujifunza? (Anaweza. Mimi nilianza nikiwa na 38.)

Nimeandika kuhusu Åre, katika jimbo la Jämtland, kwa sababu ndiko nilikojifunzia na ndiko ninakokujua vizuri. Hatua nyingi zitakufaa hata ukienda vituo vingine vya skii kama Sälen, au Trysil upande wa Norwei.

Åre ni kijiji kilicho kando ya ziwa, chini ya mlima Åreskutan wenye kimo cha mita 1,420. Mashindano ya dunia ya skii za mteremkoni yamefanyika hapo mara tatu: 1954, 2007 na 2019. Hilo lisikutishe. Mlima huohuo una vilima vilivyolala, vya mtoto wa miaka minne. Kinachowaharibia watu wetu safari si ukali wa mlima. Ni mambo ambayo yangeweza kumalizwa mezani nyumbani, wiki nyingi kabla ya kukanyaga theluji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi.

Uwe na haya kabla hujaanza

- Viza, kama unatoka nje ya Ulaya na pasipoti yako inaihitaji. Ombi la viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15.
- Bima. Kwa viza utadaiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Soma kama imetaja michezo ya theluji, maana nyingi za bei nafuu huiacha nje. Unayeishi Ulaya nawe soma yako. Usidhani tu kwamba unayo.
- Kadi ya benki. Uswidi noti karibu hazitumiki tena, hata kununua soseji mlimani.
- Vipimo vya kila msafiri kwenye karatasi moja: urefu, uzito, umri, namba ya kiatu, na mzunguko wa kichwa kwa sentimita.
- Bajeti yenye mafungu sita: malazi, usafiri, pasi ya lifti (mitambo inayowapandisha watu mlimani), kukodi vifaa, mwalimu, chakula. Wengi huhesabu mawili ya kwanza, halafu wanashtuka wakishafika.

Hatua ya 1: Chagua wiki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea au huokolewa. Waswidi huhesabu mwaka kwa namba za wiki, na shule zao hufunga kwa zamu wakati wa baridi, likizo inayoitwa *sportlov*. Göteborg huwa wiki ya 7, Malmö na Skåne wiki ya 8, Stockholm wiki ya 9, na kaskazini ya mbali wiki ya 10. Wiki ya 7 na ya 8 Wadenmark nao huwa wako njiani. Katika wiki hizo nne bei ya nyumba hupanda sana, foleni za lifti hurefuka, na nafasi za shule ya skii huisha mapema.

Kama huna mtoto wa shule, zikwepe kabisa. Januari katikati ni rahisi, ila jiandae kwa baridi inayoweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, na mwanga mfupi. Krismasi mwanga wa jua haufiki hata saa tano kwa siku, ingawa baadhi ya miteremko huwashwa taa.

Mimi humshauri mgeni achukue nusu ya pili ya Machi, au Aprili mwanzoni, mradi akwepe msongamano wa Pasaka. Jua linakaa muda mrefu, theluji bado ni nyingi, na mtu anaweza kukaa nje na kikombe cha kakao bila kutetemeka. Anayejifunza huanguka mara nyingi, na kuanguka kwenye nyuzi 2 si sawa na kuanguka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Hatua ya 2: Chagua upande wa mlima

Åre si sehemu moja. Kijijini kwenyewe, Åre By, ndiko kwenye maduka, stesheni ya treni na starehe za jioni. Åre Björnen, kilomita chache mashariki, ni upande wa familia: miteremko mipana, ya taratibu, na nyumba zilizo karibu nayo. Magharibi kuna Duved na Tegefjäll, kumetulia, na pana miteremko mizuri ya kujifunzia.

Ukiwa na watoto wadogo, au kama wote mnaanza, kaeni Björnen au Duved. Watu huvutiwa na picha za kijijini, halafu kila asubuhi wanamburuta mtoto wa miaka mitano, na buti za skii miguuni, hadi kituo cha basi. Buti hizo ni ngumu kama gogo. Mita 300 ndani yake ni safari ndefu.

Hatua ya 3: Kodi nyumba, na usome maandishi madogo

Familia nyingi hukodi *stuga*, nyumba ya mbao yenye jiko na mara nyingi sauna. Kabla ya kulipa, tafuta majibu ya mambo matatu: mashuka na taulo zimo? Usafi wa mwisho ni juu ya nani? Kuna *torkskåp*, yaani kabati la kukaushia nguo?

Nasisitiza la mashuka kwa sababu lilinipata. Mwaka wetu wa kwanza tulifika saa nne usiku, watoto wamelala garini, nje nyuzi 17 chini ya sifuri. Nikafungua mlango wa chumba, nikakuta godoro tupu, mto bila foronya na duveti bila kifuniko. Mkataba ulikuwa umesema. Ni mimi sikuusoma. Tulilala na makoti. Katika nyumba nyingi mashuka hayamo kwenye bei, unabeba yako au unayakodi kwa kuagiza mapema. Usafi nao hivyohivyo: siku ya kuondoka utasugua jiko na choo mwenyewe, au ulipie kabla. Ukiondoka bila kusafisha, utaletewa bili kubwa.

Chakula cha mikahawani mlimani ni ghali. Maduka ya vyakula yapo, lakini usitegemee kupata sembe wala nyama halali huko. Sisi hununua mjini, nyama tunaigandisha, tunaibeba kwenye boksi. Kwa baridi ile inafika kama ilivyotoka. Ugali na mchuzi wa maharage baada ya siku nzima ya theluji ni kitu ambacho watoto wangu hukikumbuka kuliko mteremko wowote.

Hatua ya 4: Panga usafiri

Treni ndiyo njia ninayoipenda. Kuna treni za usiku kutoka kusini mwa nchi. Unapanda jioni Stockholm, unalala, asubuhi unashuka Åre kijijini kabisa, mlima uko mbele yako. Vitanda huisha mapema kwa wiki za *sportlov*.

Kwa ndege, uwanja wa karibu ni Åre Östersund, kisha kama saa moja na robo kwa basi. Uwanja wa Trondheim, Norwei, nao unafaa, ingawa uko mbali zaidi. Barabara ya E14 ndiyo inayounganisha pande hizo mbili.

Kwa gari kutoka Stockholm ni zaidi ya kilomita 600. Matairi ya baridi ni ya lazima kisheria kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 kunapokuwa na hali ya baridi barabarani. Kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, usijifunzie siku hiyo usiku ukiwa na familia nyuma.

Hatua ya 5: Agiza pasi, vifaa na mwalimu kwa pamoja

Vyote vitatu huagizwa mtandaoni, na ni vizuri kufanya mapema. Pasi ya lifti ni kadi ya plastiki. Unaiweka mfuko wa kushoto wa koti, geti linaisoma lenyewe. Usiiweke mfuko mmoja na simu. Kabla ya kulipia pasi ya mlima wote, uliza: siku mbili za mwanzo utakuwa kwenye vilima vya kujifunzia tu, na mara nyingine pana pasi nafuu kwa ajili hiyo.

Vifaa usinunue. Kodi skii, fimbo, buti na helmeti. Kwa anayeanza, skii inayosimama kati ya kidevu na pua inatosha. Ndefu zaidi ni ngumu kugeuza.

*Onyo:* watakuuliza uzito wako. Sema kweli. Uzito, urefu, umri na urefu wa soli ya buti ndivyo vinavyotumika kupanga nguvu ya kile kifungio kinachoshika buti. Ukijipunguzia kilo 15 kwa aibu, skii itachomoka ovyo. Ukijiongezea, haitachomoka unapoanguka, na goti ndilo litakalolipa.

Mwalimu sasa. Ukilazimika kukata kitu kwenye bajeti, kata mgahawa, kata siku moja ya likizo, usikate mwalimu. Somo la kikundi la siku tatu litakufikisha mahali ambapo mume au rafiki anayejua hataweza kukufikisha kwa wiki nzima, na ndoa yako itabaki salama. Wengi wa walimu wanafundisha kwa Kiingereza. Taja lugha unapoagiza.

Hatua ya 6: Nguo

Kanuni ni tabaka tatu. La kwanza, linalogusa ngozi, ni sufu nyembamba juu na chini. La pili ni flisi au sweta. La tatu ni koti na suruali zisizopitisha maji wala upepo. Nje kukiwa na joto unavua la katikati.

Pamba iache nyumbani. Fulana ya pamba hunywa jasho, na ukikaa kwenye lifti dakika tano jasho hilo linageuka barafu mgongoni. Jinzi ni mbaya zaidi.

Soksi ni jozi moja tu, nyembamba, ndefu, ya sufu. Kila mwaka kuna anayevaa mbili, na kila mwaka ndiye anayelia miguu: buti ikibana, damu haipiti, na mguu usiopata damu haupati joto. Kwa mikono, glavu zisizotenganisha vidole zina joto kuliko zile za vidole vitano. Ongeza kitambaa cha shingo cha kuvuta hadi puani, na miwani ya theluji.

Sasa yale ambayo vitabu vya Waswidi havisemi. Nywele: helmeti haikai juu ya rasta zilizofungwa fundo utosini. Suka mistari ya kulala, twende kilioni inafaa sana, au shusha nywele zote chini ya kisogo, na upime kichwa baada ya kusuka. Anayevaa hijabu apate kofia nyembamba ya sufu inayofunika kichwa na shingo. Inakaa vizuri chini ya helmeti. Ngozi: paka mafuta mazito usoni, si losheni ya maji. Na krimu ya kuzuia jua ni kwa wote, weusi wetu hautuokoi. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya miale usoni, mpaka chini ya kidevu.

Nguo za nje za watoto azima kwa majirani au nunua za mitumba. Kila kitongoji cha Uswidi kina kabati zilizojaa suruali za theluji zilizovaliwa msimu mmoja.

Hatua ya 7: Chukua vifaa jioni ya kufika

Usingoje asubuhi, foleni huwa ndefu. Buti ndiyo ya kuipa muda:

1. Ingiza mguu ukiwa na soksi tu. Mguu wa suruali ya ndani uvute juu ya buti, usiingie.
2. Gonga kisigino nyuma sakafuni mara mbili.
3. Kunja goti, funga vifungo.
4. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Kunja magoti: vidole virudi nyuma, viache kugusa.
5. Inua kisigino. Kikipanda ndani ya buti, omba ndogo zaidi.
6. Tembea dukani dakika kumi. Panapouma sasa, kesho patauma mara tano. Badilisha bila aibu.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza

Lifti nyingi hufunguliwa saa tatu asubuhi na hufungwa saa tisa au kumi alasiri. Kula vizuri, fika mapema.

1. Tafuta rangi ya njia. Skandinavia kijani ndiyo rahisi kabisa, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi. Wewe ni wa kijani tu leo.
2. Jifunze kuanguka kabla ya kuteleza: anguka ubavu, si mbele wala kwa kukaa. Kuinuka, weka skii zote mbili upande wa bondeni, zikate mteremko, kisha jisukume. Zikielekea chini utainuka huku tayari umeondoka.
3. Jifunze breki. Ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke, umbo la paa la nyumba. Tanua zaidi, unapungua mwendo. Magoti yakunje, kifua kielekee mbele. Hofu itakuvuta uegemee nyuma, na ukiegemea nyuma skii hazikusikii tena.
4. Panda lifti ya sahani: ile fimbo yenye kibao cha duara. Pitisha kibao katikati ya mapaja, simama, iache ikuvute. *Usikae.* Ukikaa utaishia chini, na nyuma yako foleni nzima inatazama. Ukianguka, achia fimbo ya lifti na utambae nje ya njia haraka, anakuja mwingine.
5. Lifti ya viti: fimbo zote mkono mmoja, begi mbele, teremsha chuma cha usalama mara tu mkishakaa.
6. Acha ukiwa bado una nguvu. Wengi huumia kwenye ule mteremko wa "mara moja tu, ya mwisho".

Chakula cha mchana beba mwenyewe. Tafuta *värmestuga*, kibanda cha kujipatia joto ambapo unaruhusiwa kukaa na kula ulichobeba. Ila siku moja jipeni waflo na jamu ya hjortron, tunda la rangi ya dhahabu la vinamasi vya huko.

*Maonyo ya mlimani.* Aliye chini yako ana haki. Wewe uliye juu ndiye wa kumkwepa. Usisimame katikati ya njia wala nyuma ya kilima ambapo huonekani. Usipande gari la waya linaloelekea juu ya Åreskutan na skii zako siku za mwanzo kwa sababu tu ya mandhari. Na usitoke nje ya njia zilizowekewa alama, hata kwa hatua ishirini: huko kuna maporomoko ya theluji. Kukiwa na ajali, chomeka skii mbili zilizopishana kama X kwenye theluji, upande wa juu wa mteremko kutoka alipo majeruhi, ili wengine wakwepe, kisha piga namba ya doria ya mlima iliyo kwenye ramani, au namba ya dharura 112.

Hatua ya 9: Jioni

Fungua buti, toa kile kiatu laini cha ndani ya buti kama kinatoka, weka kila kitu kwenye kabati la kukaushia. Buti iliyolala na unyevu itakuumiza kesho yote. Zikaushe kwa hewa ya vuguvugu. Usizisogeze karibu na moto.

Mambo yakienda kombo

*Vidole vya miguu vinakufa ganzi.* Legeza vifungo vya juu ukiwa kwenye lifti, hakikisha soksi ni moja. Ikiendelea, rudi dukani ubadilishe buti.

*Mtoto amepata doa shavuni.* Ni dalili kwamba ngozi imeanza kuganda kwa baridi. Kwa Wazungu huwa jeupe. Kwenye ngozi yetu huonekana la kijivu, kama mtu aliyekosa mafuta, kwa hiyo ni rahisi kulipuuza. Gusa, uliza kama anasikia. Weka kiganja chenye joto juu yake, ingieni ndani. Usisugue, na kamwe usisugue kwa theluji. Hisia isiporudi upesi, muoneni daktari.

*Miwani inaingia ukungu.* Umeipandisha kwenye paji lenye jasho. Iache usoni, au ivue kabisa uweke ndani ya koti.

*Simu imezimika ghafla.* Baridi imemaliza betri. Ibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili.

*Umejikuta juu ya njia ngumu.* Vua skii, shuka kwa miguu pembeni kabisa ya njia, au muombe mhudumu wa lifti akurudishe chini nayo. Wanaombwa hivyo kila siku.

*Mtoto amegoma siku ya pili.* Usimburute. Mara nyingi ni buti, njaa au choo, kwa mpangilio huo. Kagua vyote vitatu, mpe kakao, kisha mpeleke kwenye pulka, kile chombo cha plastiki cha kukalia na kuteleza. Wangu aligoma Jumatatu, na Jumatano akawa ananisubiri mimi chini.

*Upepo umefunga lifti.* Åre hilo ni la kawaida, hasa juu. Angalia hali ya lifti kwenye programu ya simu kabla hamjavaa buti. Zile za chini, Björnen na Duved, mara nyingi huendelea kufanya kazi, na hapo ndipo mnapohitaji kuwa.